Jambia Tumelikumbuka, Kinu Tumekisahau

Kila aliyekaa chuoni akahadithiwa kuuawa kwa Sayyidna Umar (r.a.) mwaka 644 anamjua Abu Lulua. Mwajemi huyu alikuwa mtumwa, tena fundi: seremala na mhunzi. Alipokwenda kulalamikia ushuru aliotozwa na bwana wake, Khalifa alimwambia amesikia kwamba aweza kujenga kinu kisagacho kwa upepo. Akajibu kuwa atamjengea kinu kitakachozungumzwa mashariki na magharibi. Sayyidna Umar akatambua kuwa hilo ni tisho. Hapo sisi wanafunzi tulirukia kwenye jambia, na kinu kikaachwa njiani.

Leo nakirudia. Al-Masudi, yule yule msafiri aliyefika Kanbalu katika bahari yetu mwaka 916, aliandika kuwa Sijistani ni nchi ya upepo na mchanga, na upepo ndio uendeshao vinu. Na kijijini Nashtifan, Khurasani ya Uajemi, vinu vya jinsi hiyo zaidi ya 20 vingali vimesimama. Kuta zake ni za udongo na mabua, urefu hufikia kiasi cha mita 20. Kati ya kuta husimama nguzo wima iliyozungushiwa mbao mfano wa matanga. Ukuta huuachia upepo mwanya upande mmoja tu, usukume mbao za upande huo, na zile zirudizo zisipingwe. Nguzo hushuka hadi chumba cha chini, ikalizungusha jiwe lenyewe bila gurudumu la meno.

Kila kinu kimeelekezwa upande mmoja, kama msikiti na kibla chake, kwani huko upepo wa siku 120 huvuma toka upande mmoja msimu wote wa joto. Kwetu kisingefaa: kusi ingekisagisha, lakini kaskazi ingekikuta kimeipa mgongo!

Wapo watakaosema unga u dukani, udongo wa Waajemi watuhusu nini? Na wamkumbuke Bi Fatima, aliyemwendea Mtume (s.a.w.) mikono imemchubuka kwa jiwe la kusagia, akiomba mtumishi. Mama zetu nao walisaga mtama kwa mikono ile ile. Aliyeutwika upepo kazi hiyo anastahili kutajwa madrasani kama watajwavyo majemadari. Simsifu muuaji, Mungu aniepushe. Nasema tu kwamba mwalimu akifika kwenye kisa kile, kabla ya jambia, na achore kinu ubaoni, watoto waulize upepo unaingilia wapi.