SEHEMU YA 4: "Utafiti umethibitisha." Kwa panya au kwa mama yako?

Mama zangu, dada zangu, na wababa mnaosoma kimya kimya.

Leo nasema na wauza chupa. Basi la Kahama, la Kibondo au la Biharamulo likisimama tu hapa njia panda Nyakanazi, anapanda mtu na begi. Dawa moja inatibu sukari, presha, kitambi, mafuta kwenye damu, na mimba isiyoshika. Ukiuliza, jibu ni moja: "Utafiti umethibitisha." Siku hizi wala hahitaji basi, anakufuata kwenye magrupu ya WhatsApp.

Jamani tuelewane, sipingi majani. Metformin, kile kidonge cha sukari, asili yake ni mmea. Ulaya walitumia mmea uitwao Galega officinalis tangu zamani. Wataalamu wakakuta ndani yake kuna kitu kinachoshusha sukari, ila kitu hicho hicho kina sumu. Wakatafuta ndugu yake aliye salama zaidi. Metformin ilitengenezwa maabara mwaka 1922, na matokeo ya Dk. Jean Sterne wa Ufaransa kwa wagonjwa wa kisukari yakatoka 1957. Hesabu mwenyewe: miaka 35! Mwenye begi ameanza lini?

Sasa hivi kuna tunda la Asia, persimmon, nalo linatembezwa mtandaoni. Ni kweli, panya waliolishwa tunda hilo likiwa changa walipungua mafuta kwenye damu. Hongera kwa panya. Lakini panya anapimiwa chakula kwa gramu na kuangaliwa kila siku. Wewe unapimiwa kwa kifuniko cha chupa, halafu nani anakuangalia ini na figo?

Tumeshasahau Samunge, Loliondo, 2011? Kikombe cha Babu, shilingi 500, mti wa mugariga. Wapo waliofia kwenye foleni, na wapo waliorudi nyumbani wakaacha dawa zao. Mti wenyewe haukuwa na kosa. Kosa ni kuambiwa umepona kabla ya kupimwa.

Na hapo ndipo ninapogombana na hawa watu. Kunywa chai ya mchaichai, sina neno. Ila anayekwambia "acha vidonge vya hospitali, tumia hii" anacheza na uhai wako. Presha haina kelele. Unajisikia mzima huku inakula figo na macho. Na ukichanganya chupa yake na dawa za sukari, sukari inaweza kushuka ghafla: jasho, kutetemeka, hata kuzimia. Mama mjamzito au anayenyonyesha, usiguse kabisa kabla ya kuongea nasi kliniki.

Kabla hujatoa hela, muulize maswali matatu:
1. Alipimwa nani, binadamu au panya? Wangapi?
2. Kipimo ni kiasi gani, na chupa zote zina nguvu sawa?
3. Imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala? Akionyesha usajili, bado siyo ruhusa ya kuacha dawa zako.

Akianza kukasirika, umeshapata jibu.

Wewe anza na vitu visivyo na muuzaji. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kiuno. Mwanamke akifika sentimita 80, mwanaume 94, njoo tupime presha na sukari. Presha ya 130/85 kwenda juu, au sukari ya 5.6 kwenda juu kabla hujala, ni taa ya njano. Vikikusanyika vitatu, yaani kiuno, presha, sukari au mafuta mabaya kwenye damu, moyo uko hatarini. Punguza soda, punguza ugali kwenye sahani, ongeza maharage na mboga, tembea. Watoto wanakula unachokula wewe.

Kama umeshaacha dawa, usione aibu. Njoo na hiyo chupa, hatutakugombeza.

Mtumie mama yako na mama mkwe. Sehemu ya 5: sukari ya mimba.