Kiungo kikikatika baharini, hakuna sabu

Kabla ya mpira kuanza, hata kwenye ligi ya wilaya, mwamuzi huwapanga wachezaji mstari na kuwaangalia miguuni. Nani njumu zake zina meno makali, nani kavaa cheni, nani hana vikinga ugoko. Hiyo ndiyo Sheria ya 4 ya soka, na wengi jukwaani huiona ni kupoteza muda tu. Njumu ikipasuka, mchezaji anatoka nje ya mstari, anabadilisha, anarudi. Ikishindikana, anaingia sabu.

Baharini mambo ni mengine. Kuanzia Kunduchi na Mbweni, kupita Mlingotini hadi Bagamoyo, upepo upo na bahari ipo kwa ajili ya ubao wa tanga, mchezo wa kusimama juu ya ubao uliosimikwa mlingoti na kuendeshwa na upepo. Umo kwenye Olimpiki tangu Los Angeles 1984. Tanzania, ambayo medali zake zote za Olimpiki ni zile mbili za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui mwaka 1980, haina sababu ya kuudharau.

Tatizo ni vifaa. Ubao mpya na tanga lake ni mamilioni ya shilingi, kwa hiyo kijana wa Bagamoyo anayetaka kujifunza ataangukia mtumba. Na mtumba wa baharini si kama jezi ya mtumba. Jua huifanya plastiki ya tanga iwe na ukungu, kisha ikakauka na kupasuka kama karatasi. Chumvi hula bomba la kushikia. Mchanga huingia pale vipande viwili vya mlingoti vinapoungana, na mlingoti wa kaboni uliogonga mwamba leo unaweza kukatika wiki ijayo, upepo ukiwa wa kawaida kabisa.

Kibaya kuliko vyote ni kiungo. Si yule wa namba sita. Hiki ni kipande cha mpira au plastiki ngumu kinachoshika mlingoti kwenye ubao na kuuruhusu uiname kila upande. Kikikatika, tanga linakwenda kwake na ubao kwake. Anayejua hung'ang'ania ubao, maana ndio unaoelea. Asiyejua hulifukuzia tanga. Kama ni asubuhi na umande unavuma kutoka bara, kila dakika inamsogeza mbali na ufukwe, kuelekea Zanzibar.

Watu husema mkosi. Mkosi wapi! Kiungo kinachochoka huonyesha nyufa ukikikunja kwa mikono, kazi ya nusu dakika. Wavuvi wa ngalawa hawahitaji kufundishwa hili. Mvuvi huishika henza kwa vidole kabla ya kupandisha tanga, na foromali yenye ufa huifunga kamba au huibadilisha. Hata ikivunjika, ngalawa yake bado inaelea na kafi imo ndani. Mwenye ubao hana kafi.

Kwa hiyo anayekodisha au kufundisha mchezo huu kwenye ufukwe huu awe na Sheria ya 4 yake: kiungo kikunjwe kila asubuhi, kiwe na mkanda wa akiba unaoshika tanga kiungo kikikatika, na boti yenye mashine iwe tayari kabla mtu hajaingia majini, si kuanza kutafutwa baada ya kelele. Baraza la Michezo la Taifa likipokea maombi ya chama chochote cha michezo ya majini, liulize kwanza nani anakagua vifaa, ndipo liulize habari za katiba na mwenyekiti. Chuo cha uvuvi kiko pale pale Mbegani. Ujuzi wa kamba na vyombo si wa kuagiza nje.

Na asiseme mtu kwamba ni gharama. Kiungo kipya hakifikii bei ya jozi moja ya njumu orijino.