UCHANGANUZI: Disney ilitajirika kwa daftari, Lokichar nayo ijifunze

WAKAZI wa Lokichar, katika Kaunti ya Turkana, hawahitaji kufundishwa maana ya mali ghafi. Tangu kampuni ya Tullow, yenye makao yake London, ilipotangaza mnamo Machi 2012 kwamba imegundua mafuta katika kisima cha Ngamia 1, wameshuhudia utajiri ulio chini ya nyayo zao ukijadiliwa mbali kwa lugha ya asilimia.

Juni 2018 malori ya kwanza yaliyobeba mafuta hayo yalifunga safari ya kwenda Mombasa. Kabla ya mwezi huo kwisha, wakazi waliyazuia barabarani wakidai usalama na ajira. Mwaka uliofuata Sheria ya Petroli iliandika jinsi mapato ya Serikali yatakavyogawanywa: asilimia 75 kwa Serikali ya Kitaifa, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii. Sehemu ya jamii ni nusu ya asilimia 10 iliyokuwa ikidaiwa, lakini angalau imeandikwa.

Ipo mali nyingine ya Turkana ambayo haihitaji lori wala pipa ili isafirishwe, nayo ni hadithi, nyimbo na majina. Kwa kuwa thamani yake haionekani kwa macho, ni rahisi kudhani kuwa haina bei. Historia ya kampuni ya Walt Disney, mojawapo ya kampuni kubwa zaidi duniani katika burudani za familia na filamu za katuni, inathibitisha kinyume chake.

Kampuni hiyo ilianzishwa Oktoba 16, 1923, na ndugu wawili, Walt na Roy Disney, katika jiji la Los Angeles, Marekani. Mhusika wao wa kwanza aliyevuma alikuwa sungura aliyeitwa Oswald, aliyezaliwa mwaka 1927. Mwaka 1928 Walt alipokwenda kwa msambazaji wake, Charles Mintz, kuomba nyongeza ya malipo, aligundua kwamba sungura huyo hakuwa wake. Mkataba ulimpa kazi ya kuchora tu, ilhali haki za mhusika zilikuwa za kampuni ya Universal. Isitoshe, wengi wa wachoraji wake walikuwa wameshashawishiwa kumhama.

Pigo hilo ndilo lililoijenga Disney. Mhusika aliyefuata, panya Mickey, aliyejulikana kupitia filamu ya Steamboat Willie ya Novemba 1928, alibaki mikononi mwa kampuni. Miaka ya 1930 picha yake ilikuwa tayari kwenye saa, vitabu na wanasesere, na kila aliyeitumia alilipa. Filamu ya Snow White ya mwaka 1937 na bustani ya Disneyland iliyofunguliwa mwaka 1955 zilisimama juu ya msingi uo huo: chora mara moja, miliki, kisha uza mara nyingi.

Kanuni hiyo haikubadilika hata baada ya Walt kufariki mwaka 1966. Disney ilipoinunua Pixar mwaka 2006, Marvel mwaka 2009 na Lucasfilm mwaka 2012, ilichokuwa ikinunua hasa ni wahusika na haki zao. Mwaka huo wa 2006 ilimrejesha hata sungura Oswald kutoka NBCUniversal, miaka 78 baada ya kumpoteza. Kampuni iliyowahi kuumia kwa kukosa hati haikusahau.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kupitia filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Walipokuwa wakiiandaa, wachoraji wa Disney walizuru Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, kutazama mandhari na wanyama. Majina waliyoyachagua ni ya Kiswahili kitupu: Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi. Filamu hiyo ilipata zaidi ya dola milioni 700 ilipotoka, ikazaa mchezo wa jukwaani mwaka 1997, na toleo jipya la mwaka 2019 likazidi dola bilioni 1.6.

Mwaka huo wa 1994 Disney iliomba nchini Marekani maneno "Hakuna Matata" yasajiliwe kuwa alama yake ya biashara kwa mavazi, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Maneno hayo yalikuwa yameshazoeleka kwa wageni wa hoteli za pwani ya Kenya kupitia wimbo Jambo Bwana wa bendi ya Them Mushrooms, uliovuma mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwishoni mwa 2018 zaidi ya watu laki moja walitia saini ombi la kuitaka Disney iachane na alama hiyo.

Hapa haki inadai tusitie chumvi. Usajili huo haumzuii Mkenya kuyatamka maneno hayo, kuyaimba wala kuyaandika kwenye khanga inayouzwa Mombasa. Wala si kosa kwa msanii wa ng'ambo kuvutiwa na Kiswahili. Lugha ni kisima cha wote, na lugha inayoogopa kuazimwa haikui. Tatizo ni kwamba Disney ilipofika mbele ya msajili ilikuta ukurasa mtupu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Filamu hiyohiyo inatoa mfano wa pili, wenye uchungu na matumaini kwa pamoja. Mwanamuziki wa Afrika Kusini Solomon Linda alirekodi wimbo Mbube mwaka 1939 na kuuza haki zake kwa shilingi 10. Alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, huku wimbo wake, ukiwa umepewa jina la The Lion Sleeps Tonight, ukivuma duniani. Disney ilipoutumia katika The Lion King, warithi wake waliishtaki mwaka 2004 wakiegemea sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1911, iliyorejesha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa. Mwaka 2006 yalifikiwa makubaliano na kampuni iliyoshikilia haki za wimbo, na familia ikaanza kupata mgao. Iliokolewa na karatasi mbili: rekodi iliyotaja mtunzi, na kifungu cha sheria.

Swali linalofuata ni iwapo wachoraji wetu wenyewe wanaweza kuiponya hali hii. Vipaji havikosekani. Mfululizo wa Tinga Tinga Tales, ulioanza kuonyeshwa mwaka 2010 na idhaa ya watoto ya BBC na pia Disney, ulichorwa Nairobi na vijana wa Homeboyz. Mtindo wake ulitokana na michoro ya Mtanzania Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Hata hivyo, aliyeuandaa ni kampuni ya Uingereza, Tiger Aspect. Mchoraji aliyeajiriwa hulipwa mara moja, ilhali mwenye haki hulipwa kila kipindi kinaporushwa. Ni mkasa wa Walt na sungura wake, ukirudiwa kwa ngazi nyingine.

Shirika la Ubongo la Dar es Salaam, lililoanzishwa mwaka 2013, lilichagua njia tofauti. Ubongo Kids, kipindi cha katuni kinachofundisha hesabu na sayansi, kilianza Januari 2014 kwa Kiswahili, kisha kikatafsiriwa katika lugha nyingine. Wahusika walibuniwa na shirika lenyewe kwa ajili ya watoto wa hapa, ndipo wakavuka mipaka. Si shirika la kutafuta faida, lakini limeonyesha kwamba katuni ya Kiafrika inaweza kubuniwa, kuchorwa na kusambazwa kutoka nyumbani.

Lokichar inaingiaje? Waturkana wana simulizi ya Nayeche, mwanamke wa jamii ya Wajie, katika eneo ambalo leo ni Uganda. Kwa mujibu wa masimulizi, vijana waliomfuata fahali aliyepotea walimkuta Nayeche katika bonde la Tarach akichuma matunda ya porini, wakaona wingi wa malisho, na huo ukawa mwanzo wa jamii mpya. Mama shupavu, fahali mtoro na safari ya kuteremka nyanda kame: msimulizi yeyote wa Hollywood ataona filamu humo mara moja.

Kenya ina sheria ya kumngoja msimulizi huyo. Ibara ya 11 ya Katiba ya 2010 inalitaka Bunge kutunga sheria ili jamii zilipwe fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya 2016 inazitaka serikali za kaunti kuweka daftari la mali hiyo, na hazina ya kitaifa iwe chini ya Bodi ya Hakimiliki. Kwa Turkana, wajibu huo umewekwa Lodwar.

Kazi hiyo ina ugumu wake. Nayeche ni wa Wajie pia, na daftari la Lodwar haliwezi kumfunga mtu aliye Kotido. Lazima pia pawe na uangalifu, daftari lisije likageuka kuwa kizuizi kwa kijana wa Lokichar anayetaka kuchora hadithi ya bibi yake. Lengo liwe kumtambua mwenye mali na kuweka masharti kwa mgeni mwenye mtaji.

Tamasha la utamaduni la Tobong'u Lore, ambalo huwakusanya Waturkana na majirani zao mjini Lodwar, lingefaa kuwa mahali pa kuanzia. Wazee wanaosimulia hapo warekodiwe kwa ridhaa yao, majina yao yaandikwe, na Wajie washirikishwe. Nao vijana wanaojifunza kuchora wafundishwe kusoma mkataba kabla ya kushika kalamu.

Katika mafuta, Lokichar ilidai mgao wakati malori yamekwisha kuwashwa. Katika hadithi bado kuna nafasi ya kutangulia, kwani daftari huandikwa kabla ya mgeni kubisha hodi.