Paa la Gari Likatwe kwa Faida ya Nani?

Muhula huu pamekuwa na majadiliano makali baina ya wanafunzi wa madarasa ya juu wanaopenda mambo ya gari. Wengi wao wameona picha za pikapu za kizamani za Marekani zilizokatwa na kushushwa mapaa, hata chumba cha dereva kikawa kifupi na vioo vikawa vyembamba kama macho ya mtu aliyekabiliana na jua. Wapo wanaosema kwamba siku watakapopata pikapu kuukuu, jambo la mwanzo watakalofanya ni kuipeleka kwa fundi ikakatwe vivyo hivyo. Wapo wengine wanaosema kwamba huo ni uharibifu mtupu. Nami naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu, maana naona pande zote mbili zimesahau kuuliza swali lililo kubwa kuliko yote: paa likatwe kwa faida ya nani?

Kwanza yafaa tuijue kazi yenyewe, kwani mtu asiyeijua kazi huidharau. Paa la pikapu hushikwa na nguzo zilizo pembeni mwa kioo cha mbele na zile zilizo nyuma ya milango. Fundi huanza kwa kufunga vyuma vya kuimarisha ndani ya chumba cha dereva, ili kisije kikapinda kitakapokosa nguzo zake. Kisha hupima, hupiga alama, na kukata kipande kimoja katika kila nguzo, tuseme inchi tatu au nne, ndipo paa hushushwa. Hapo ndipo taabu huanza. Nguzo za mbele hazikusimama wima. Zimelala kidogo kuelekea nyuma. Kwa hiyo paa likishuka halikutani tena na nguzo zake. Fundi hana budi ama kulikata paa katikati na kuliongeza bati, ama kuzilaza nguzo zaidi. Milango nayo hukatwa, na njia za vioo pia. Katika kuunga, bati likichomelewa mfululizo hupata moto na kukunjamana kama karatasi iliyolowa. Kwa hiyo fundi mzuri huchoma nukta moja hapa na nyingine kule, akangoja chuma kipoe, kisha akaendelea.

Vioo navyo vina elimu yake. Kioo cha mbele kilichotengenezwa kwa vipande viwili vilivyogandishwa pamoja kwa utando katikati huweza kukatwa na fundi mwenye mkono mwepesi. Lakini kioo cha mlango kilichopikwa kwa moto na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu hakikatiki. Ukikigusa kwa msasa wa kukatia hupasuka chote kikawa punje punje. Basi mwanafunzi atakayeiona kazi hii kuwa ni ya watu wasiosoma ajue kwamba ndani yake mna jometri, mna fizikia, na mna subira isiyopatikana kwa wengi wetu tunaokaa madarasani.

Pili, tutazame desturi hii ilitoka wapi. Katika miaka ya 1930 vijana wa California nchini Marekani walikuwa wakishindana kwa mbio katika maziwa makavu ya jangwani, kama lile la Muroc, ambako ardhi ni tambarare na hakuna kizuizi. Walitaka gari ipasue hewa kwa wepesi, na paa lililo chini hupunguza uso unaopambana na upepo. Hesabu yake ni hii: mwendo wa gari ukizidi mara mbili, upinzani wa hewa huzidi mara nne. Gari inayokwenda kilomita 160 kwa saa hupambana na hewa mara 16 zaidi kuliko inayokwenda kilomita 40. Kwa hiyo vijana wale walikuwa na sababu. Baadaye watu wengine waliupenda umbo huo, wakaufuata kwa uzuri wake, hata kama gari zao hazikuingia katika mashindano yoyote.

Sasa tujiulize, sababu ile iko hapa kwetu? Kisiwa cha Unguja kina urefu wa kiasi cha kilomita 85 tu. Barabara zetu zinapita katikati ya vijiji, mbele ya milango ya skuli na misikiti, na mbuzi hukatiza bila ya kuomba ruhusa. Dereva atakayekwenda mwendo wa kuuhisi upepo atakuwa amekwisha kuuhatarisha umma. Hapana shaka, basi, kwamba kwetu kinachobaki ni uzuri peke yake. Nao uzuri una gharama: vioo vikipungua hewa hupungua, na katika miezi ya kaskazi joto letu linajulikana. Dereva mrefu atainama shingo tangu mjini hadi Nungwi, na huko atashuka akitafuta mtu wa kumkanda.

Lakini msidhani kwamba nawapinga mafundi wanaokata gari. La, hasha! Kisiwa hiki kimekuwa na ufundi wake wa kukata na kuunda gari kwa miaka mingi. Wazee wetu wanazikumbuka gari za mbao, zile lori za Uingereza, hasa Bedford, jina lililoanza kutumika katika lori mwaka 1931. Maseremala wetu walizijengea juu ya chuma chake bodi ya mbao: mabao marefu ya kukalia ubavuni, pande zilizo wazi ili upepo upite, turubali la kuteremshwa mvua inaponyesha, na juu paa imara la kubebea mizigo. Juu ya paa hilo palipakiwa matenga ya samaki, mikungu ya ndizi, magunia ya muhogo, baiskeli, na pengine kitanda cha bibi harusi. Gari hizo ziliwabeba wakulima kwenda sokoni na wagonjwa kwenda hospitali, na baadhi yake zilikuwa zingali zikitembea hata baada ya mwaka 2000. Baada yake zilikuja pikapu na lori ndogo za Kijapani, nazo zikafanyiwa mambo yayo hayo: nyuma zikaezekwa, zikatiwa mabao, zikawa daladala.

Tazameni tofauti iliyopo. Fundi wa California alikata ili gari ishinde gari nyingine. Fundi wa Unguja alikata na kujenga ili mtu wa shamba afike mjini. Kila kipande cha mbao alichopigilia kilikuwa na mtu wa kukikalia au mzigo wa kuwekwa juu yake. Kwa maoni yangu huo ndio uundaji wenye akili, na ndio tunaopaswa kujivunia mbele ya wageni.

Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Mapaa ya daladala nyingi yalitengenezwa chini mno. Bibi mzee aliyebeba kikapu hulazimika kuingia kwa kutambaa, na utingo humhimiza, "Haya bibi, sogea mbele, nafasi ipo!" Mtu akisahau kuinama, kichwa chake hukumbushwa na chuma. Hapo paa lilishushwa kwa faida ya nani? Si kwa abiria. Kwa hiyo kijana anayetamani kukata mapaa angeanza na hilo: angejifunza kuliinua paa la gari ya abiria kwa inchi nne, naye angepata dua za bibi wote wa Makunduchi.

Wapo watakaonijibu, "Pikapu ni mali yangu, nami nitaifanya nitakavyo." Jawabu hilo lina nguvu, wala siwezi kulipuuza. Lakini tukumbuke mambo mawili. Jambo la kwanza ni roho za watu. Nguzo za paa ndizo zinazobeba uzito wa gari pale inapopinduka. Nguzo iliyounganishwa vibaya, ikafunikwa kwa puti na kupakwa rangi ya kumeremeta, haionekani tofauti na nguzo nzima mpaka siku ya ajali. Mwenye mali ana haki ya kuhatarisha mali yake, lakini hana haki ya kumhatarisha rafiki aliyempa lifti.

Jambo la pili ni urithi. Hapa mjini tumefundishwa kwamba mwenye nyumba katika Mji Mkongwe hawezi kuung'oa mlango wake wa nakshi na kuuza apendavyo, ingawa nyumba ni yake. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji wetu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sote twakubali kwamba mlango ni ushahidi wa mikono ya wazee. Je, gari iliyoishi miaka 60 katika hewa ya chumvi, ambayo hula chuma usiku na mchana, nayo si ushahidi? Sisemi pawe na sheria ya kumzuia mtu. Nasema pawe na haya.

Tunalo funzo karibu. Mwaka 1905 ilianza kutembea hapa reli ya kutoka mjini hadi Bububu, urefu wa kiasi cha maili saba, na kabla ya miaka 30 kutimia ilikuwa imekwisha kazi yake. Leo mtoto wa Bububu huijua kwa picha na masimulizi tu. Hawezi kugusa gurudumu lake wala kuuliza lilitengenezwa vipi. Gari za mbao zaweza kwenda njia hiyo hiyo, na pikapu za kizamani pia. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki; nami naongeza kwamba bati likikatwa halioti.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Pikapu kuukuu iliyo nzima isikatwe; itengenezwe, itiwe rangi, iachwe na umbo lake. Iliyokwisha kuliwa na kutu hata haiwezi kutengenezeka, hiyo na ikatwe, vijana wajifunze kwayo. Na ile ya kubeba abiria ikatwe kwa kipimo cha abiria, apate kukaa na kuinuka bila ya kuumia.

Kwa walimu wetu naomba jambo moja. Vipo vituo vya mafunzo ya amali, kama vile Mwanakwerekwe na Mkokotoni, vyenye walimu wa ufundi wa gari na wa kuchomelea. Skuli yetu ingeomba wanafunzi wachache wapelekwe kule siku ya mapumziko, wapewe chumba cha dereva kilichotupwa, wapime, wakate na waunge. Kosa lao lingekuwa juu ya chuma cha kutupwa, na hesabu ya pembe ambayo wengi wetu twaichukia ubaoni wangeipenda pale.

Kwa wazazi naomba msiwaone watoto wenu wanaopenda gereji kuwa wamepotea. Nchi haijengwi na makarani peke yao.

Na kwenu wanafunzi wenzangu, tuanze na kazi isiyohitaji fedha. Likizo hii kila mmoja atafute gari moja ya zamani katika kijiji chake, hata ikiwa imesimama chini ya mwembe na kuku wanatagia ndani. Aipige picha, aipime urefu na upana, aulize ililetwa mwaka gani, nani aliijengea bodi, na ilikuwa ikibeba nini. Majibu tuyaandike katika daftari moja na tuliweke maktaba ya skuli. Kisha ndipo tuzungumze habari ya kukata, tukiwa tunakijua kile tunachotaka kukikata.