Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Sufi



Katika kuzitembelea nyumba za waamini kwa ajili ya Sakramenti ya wagonjwa, sisi mapadre tumekuta, wala si mara moja tu, mlango uliofungwa kwa nje na ndani mna mtu. Mtoto asiyeweza kutembea wala kusema amelala mkekani tangu alfajiri. Mama yake amekwenda kuponda kokoto ili apate unga wa jioni. Majirani wakatuambia kwa ukali kwamba mama huyo ni mkatili, na kwamba yafaa ashtakiwe. Tukasikiliza, na twakiri kwamba tulikaribia kuitikia. Baadaye ndipo tulipojiuliza jambo ambalo hakuna aliyeliuliza pale mlangoni: kama mama huyu angelibaki nyumbani siku ile, nani kati yetu angelimletea unga?

Swali hilo ndilo lililotushikisha kalamu. Hatuandiki ili kuwaombea huruma watu wenye ulemavu. Huruma wamepewa tele, wala haijawajazia sufuria. Twaandika kwa ajili ya haki. Nasi twaanza kwa kuyapinga maneno matatu yasemwayo kwa sauti ya upole katika nyumba zetu, hata katika ua wa kanisa. Kila moja humwachia mama mzigo wote, kisha huturuhusu sisi kurudi kwetu na dhamiri iliyotulia.

Neno la kwanza: "Afadhali angepumzika"

Husemwa hivi: maisha gani hayo? Asemaye hivyo amekwisha kutoa hukumu juu ya maisha ambayo hakuyaishi wala hakuwauliza wanaoyaishi. Wataalamu wawili, Albrecht na Devlieger, waliuliza. Katika utafiti wao uliofanywa huko Marekani na kuchapishwa mwaka 1999, walizungumza na watu 153 wenye ulemavu. Miongoni mwa wale wenye ulemavu mkubwa, zaidi ya nusu walisema kwamba maisha yao ni mema au mema sana. Watafiti hawakusema kwamba ulemavu si kitu. Wako waliolalamika juu ya maumivu, uchovu na kushindwa kuutawala mwili. Lakini walioyaona maisha yao kuwa mema walieleza jinsi mwili, akili na roho zao zilivyopatana, na jinsi walivyoshikamana na watu wanaowazunguka.

Marekani si kwetu, wala hatudai kwamba hesabu hiyo ni yetu. Funzo lake hata hivyo latuhusu: ubora wa maisha haupimwi kwa kuutazama mguu uliopooza. Hupimwa pia kwa kuwatazama watu waliouzunguka mguu huo. Mtoto aliyefungiwa ndani ana maisha mabaya, ni kweli. Lakini kufuli si sehemu ya ugonjwa wake. Kufuli limetoka kwetu.

Neno la pili: "Mungu humpa mzigo yule awezaye kuubeba"

Neno hili lina sura ya ibada, nalo ndilo baya kuliko yote, kwa maana hutumia jina la Mungu kutusamehe uvivu wetu. Wazee walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Walikuwa wakitucheka sisi tuonao wepesi wa mzigo kwa kuwa hauko begani mwetu.

Tuisome Injili vizuri. Kristo mwenyewe hakuubeba msalaba peke yake hadi mwisho. Simoni wa Kirene alishikwa akautwaa. Yule aliyepooza kule Kapernaumu hakufika mbele ya Bwana kwa imani yake tu. Watu wanne walimbeba, wakakuta mlango umezibwa na watu waliokuja kumsikiliza, wakapanda wakaitoboa dari. Na yule wa kwenye birika la Bethzatha, aliyeugua miaka 38, alipoulizwa na Bwana hakulalamikia miguu yake. Alisema kwamba hana mtu. Tena wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake, Bwana aliikataa dhana hiyo palepale. Leo, miaka karibu 2,000 baadaye, bado wako Wakristo wanaomwuliza mama alikosa nini, au ni nani aliyemroga.

Neno la tatu: "Sisi Waafrika hatumtupi mtu wetu"

Twajisifu kwamba ukoo wetu ndio bima yetu. Ukoo ni nani? Utafiti wa Sally Hartley na wenzake nchini Uganda, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba kazi ya kumlea mtoto mwenye ulemavu huwaangukia wanawake, na wanaume hushiriki kwa uchache. Huku kwetu Kilifi, utafiti wa mwaka 2011 uliwasikiliza walezi wenyewe, nao wakaeleza mfadhaiko, hofu na kutengwa. Basi tuseme ukweli: mara nyingi tusemapo "ukoo" twamaanisha mama, na akifa mama twamaanisha nyanya. Baba amehama, shangazi wamepunguza kuja, na harusi za jamaa hupangwa bila yule mtoto kutajwa.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kansas waliotunga kipimo cha ubora wa maisha ya familia hutazama mambo matano: maelewano ya watu wa nyumba, malezi, utulivu wa moyo, afya na mahitaji ya mwili, na msaada unaohusu ulemavu wenyewe. Kila mmoja wenu na aichukue nyumba moja aijuayo katika Jumuiya yake na kuipima kwa mambo hayo matano. Ataona kwamba nyumba haikuvunjwa na mtoto. Ilivunjika kwa kukosa wa kuishikilia.

Serikali nayo

Taifa letu liliuridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao katika utangulizi wake wataka familia zao nazo zilindwe na kusaidiwa. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 chadai kwamba mtu mwenye ulemavu atendewe na hata aitwe kwa heshima. Tunayo pia sheria mpya ya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2003. Karatasi tunazo.

Tangu mwaka 2011 upo pia mpango wa kuzipa fedha nyumba maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Twaushukuru. Lakini tuutazame. Ili nyumba ikubaliwe, sharti mtu huyo awe anahitaji uangalizi wa mwingine wakati wote. Maana yake serikali yenyewe yakiri kwamba yuko mtu mzima asiyeweza kwenda kazini. Kisha kiasi kilichowekwa kwa nyumba hiyo ni shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo hazifiki shilingi 67 kwa siku. Hiyo ndiyo thamani iliyowekewa kazi ya mchana na usiku. Tena katika sensa ya mwaka 2009 tulihesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 3.5 ya taifa. Katika ile ya mwaka 2019 asilimia 2.2, ilhali Shirika la Afya Duniani lakadiria mwaka 2022 kwamba ni asilimia 16 ya watu wa dunia. Kwa sehemu tofauti hizo zatokana na namna ya kuuliza na kuhesabu. Lakini mtoto asiyetajwa mlangoni haandikwi, na asiyeandikwa hatengewi fedha.

Na sisi je?

Tusiinyoshee serikali kidole huku vidole vitatu vikituelekea. Makanisa mangapi tumeyajenga kwa harambee yenye ngazi saba mbele na bila njia moja ya kiti cha magurudumu? Watoto wangapi tumewanyima Komunyo ya Kwanza kwa kuwa hawakuweza kukariri katekisimu? Mara ngapi tumemtazama kwa jicho kali mama ambaye mwanawe alipiga kelele wakati wa Mageuzo, hata Dominika iliyofuata hakuja tena? Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Fratelli Tutti wa mwaka 2020, aliwafananisha watu hawa na wahamishwa waliofichwa ndani ya jamii yao wenyewe. Baadhi yao wamehamishwa na parokia zao. Kisha mara moja kwa mwaka twawapelekea sukari na sabuni, na tunapiga picha.

Tufanye nini

Ipo njia, tena si ya gharama kubwa. Kilifi hiyohiyo, walezi wa watoto wenye ulemavu walisaidiwa kuunda vikundi vya kujisaidia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba walipata wa kushirikiana nao, walijiamini zaidi, na ulemavu wa mtoto haukuonekana tena kwao kuwa mzito kama awali. Vikundi havikuwaponya watoto. Viliwapa mama zao wenzao.

Kwa hiyo twawataka viongozi wa kila Jumuiya waziandike nyumba zote zenye mtu mwenye ulemavu, wa dini yoyote. Wapange zamu, ili kila mlezi apate walau siku moja kwa juma ya kwenda shambani au sokoni bila kufunga mlango kwa nje. Zamu hiyo isiwe ya akina mama peke yao. Akina baba wapangwe kwa majina. Watoto wapelekwe katika vituo vya upimaji wa elimu maalumu, ambavyo nchi hii imekuwa navyo tangu mwaka 1984, na anayestahili fedha za serikali asindikizwe ofisini mpaka aandikishwe. Halmashauri ya parokia isipitishe tena ujenzi usio na njia ya kiti cha magurudumu. Na diwani au mbunge atakapokuja kuomba kura katika ua wetu, aulizwe hadharani juu ya zile shilingi 67.

Wahenga walituonya: hujafa hujaumbika. Hakuna ajuaye atakavyokuwa kesho, yeye au mwanawe. Lakini tusifanye haya kwa hofu ya kesho. Tuyafanye kwa kuwa mtoto yuko mkekani leo, na funguo ziko mikononi mwetu.

Mungu awabariki, na awape mabega ya kubebea.