Mkasi Mwekundu Hausahihishi Kitu

Mwanafunzi Mdigo wa Horohoro, mpakani mwa Tanzania na Kenya, akitakiwa aandike kwa Kiingereza kwamba dada yake amevaa gauni jekundu, si ajabu akaandika “she has worn”. Mwalimu anapiga mkasi kwa kalamu nyekundu na kuvuta daftari jingine.

Mtoto huyo hakubahatisha. Alifundishwa kwamba “amefika” ni “has arrived” na “amekula” ni “has eaten”, naye akaifuata kanuni. Asichoambiwa ni kwamba kwa vitenzi kama vaa, lala, simama na choka, -me- hutaja hali ambayo mtu bado yumo ndani yake. Aliyelala anakoroma sasa hivi. Mwingereza atasema “is asleep”.

Makosa mengi yanayowachosha walimu yana mzizi wa namna hiyo. Mama anageuka “he” kwa sababu a- ya Kiswahili haibagui mke na mume. Ukimuuliza mtu “Hujala?” akajibu “Ndiyo”, ana njaa, amekubaliana na maneno ya muulizaji. Kwa Kiingereza “yes” hiyo ingemnyima sahani. Na mgeni akiambiwa basi la Mombasa linaondoka “at two”, kumbe ni saa mbili asubuhi, atafika stendi abiria wenzake walishavuka mpaka wa Lunga Lunga zamani.

Na Kiingereza hicho hakibaki somo tu. Ng’ambo ya mpaka, sera ya Kenya inataka mtoto, Mdigo kama huyu wa Horohoro, afundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la nne. Upande wa Tanga, shule za msingi za serikali kwa kawaida hufundisha kwa Kiswahili mpaka mwisho, kisha kidato cha kwanza baiolojia na hesabu zinakuja kwa Kiingereza ghafla. Tume ya Makweta, iliyoundwa kuchunguza elimu ya Tanzania, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kutumia Kiswahili mwaka 1985. Serikali haikutekeleza, na ubishi haujaisha.

Wakati wakubwa wakibishana, zipo shule zinazomwadhibu mtoto kwa kusema Kiswahili, hata ndani ya kipindi cha Kiingereza. Hapo ndipo penye hasara. Mwalimu aandike “amefika” na “amelala” ubaoni, aulize kwa Kiswahili nani kati ya hao wawili bado yumo katika tendo lake. Watoto wanaoishi na Kidigo nyumbani na Kiswahili dukani hawatakosa jibu, na “is asleep” itaandikwa pembeni bila kukaririwa.