Kanivo si azabu



Sisi viongozi wa wanafunzi tunataka kusema leo juu ya barabara, na tutaanza kwa kujishitaki wenyewe. Siku moja ya mvua, mwenye chukudu alikuwa anapita mbele ya mlango wa shule na mifuko mitatu ya makala. Gurudumu likaingia katika shimo lililofunikwa na maji, akaanguka, goti likapasuka. Wengi wetu tulicheka. Kisha tukaenda kumuinua, na hapo njo tuliona kanivo yetu: imejaa udongo, masashe ya biskuti na chupa za plastiki. Maji yalikosa njia, yakapita barabarani. Masashe yale hayakutoka mbali. Ni yetu.

Kila mtu anauliza: "Serikali iko wapi?" Ulizo hilo ni la haki. Mwaka 2008 sheria ya inchi iliunda FONER, mfuko wa kutunza barabara, na wenye kununua mafuta ya gari waliwekwa kuchangia. Mwenye kulipa ana ruhusa ya kuuliza.

Kuko pia mambo yenye kupita nguvu zetu. Tarehe 22 Mei 2021 lava ya Nyiragongo ilikata barabara ya Rutshuru, mpaka mashine zikaja kuifungua. Mwezi wa tano 2023, mvua ya Kalehe iliua mamia ya watu kule Bushushu na Nyamukubi. Kanivo safi haiwezi kuzuia mambo kama hayo. Lakini shimo la mlangoni petu si volkano.

Wenye elimu ya barabara wanafundisha kwamba adui wa kwanza ni maji. Yakituama yanaingia chini, udongo unalegea, kisha uzito wa kamio unamaliza kazi. Huko Illinois, Marekani, tangu 1958 hadi 1960, watafiti walipitisha makamio bila kuchoka juu ya barabara za majaribio. Waliona kwamba ekseli ikibeba uzito mara mbili, uharibifu hauwi mara mbili, unafika karibu mara 16. Wapenda hesabu wataelewa: 2 × 2 × 2 × 2. Na barabara ya udongo yenye kulowa ni zaifu kuliko zote. Njo maana ya bariere ya mvua: mti unalazwa njiani, makamio yanangoja mpaka udongo ukauke. Ule mti, hata ukimkasirisha shofere, una elimu ndani yake.

Wengine wanasema mitambo mipya itatuokoa. Mitambo ni mizuri, hatukatai. Lakini tuangalie Genova, inchi ya Italia. Daraja la Morandi, lililofunguliwa 1967, lilianguka tarehe 14 Agosti 2018, watu 43 wakafa. Nyaya za chuma zilizofichwa ndani ya beto zilikuwa zimeliwa na kutu. Daraja jipya, lililofunguliwa 2020, liliwekewa vipimo na roboti za kulichunguza. Ni vizuri, lakini chombo kinatoa habari tu. Kutengeneza ni kazi ya mtu mwenye kusikia. Hata matajiri wanaumizwa na kazi yenye kuahirishwa.

Sasa, kosa letu. Mwanafunzi akichelewa, tunamuambia: "Beba jembe, enda ku kanivo!" Tuliikuta desturi hiyo, na sisi tukaiendeleza. Hivi tumefundisha shule nzima kwamba kutunza barabara ni kazi ya wakosaji, na mwenye mwenendo mzuri hana haja ya kuinama. Tusishangae basi kama salongo ya siku ya posho inakimbiwa.

Tusome Nehemia sura ya 3. Ukuta ulitengenezwa na wafua zahabu, na wenye manukato, na Shalumu pamoja na binti zake, wengine kila mmoja mbele ya nyumba yake. Hakuna aliyekuwa anaazibiwa. Walioandikwa kwa haya ni wakubwa wa Tekoa, waliokataa kuinamisha shingo.

Kwa hiyo tunaomba mkuu wa nidhamu aiondoe kanivo katika orodha ya azabu. Kila darasa lipewe siku yake, na sisi wa mwaka wa sita tuanze. Wa sayansi wapime mashimo kwa rula kila mwezi, waandike katika daftari urefu, upana na kina. Siku tutakapokwenda kuomba wakubwa wa mtaa watutengenezee, tuende na hesabu mkononi, si na malalamiko tu.

Sisi, baada ya mtihani wa serikali, tutaondoka. Kanivo itabaki, na mvua itarudi.

Posho ijayo, saa moja ya asubuhi, tutakuwa ku mulango na majembe, bila kutumwa na mtu. Mwenye kutucheka acheke, halafu aje.

Viongozi wa wanafunzi, mwaka wa sita